Mwalimu wa Jiografia na Kona za Kitonga

Mwalimu hakuwahi kula samaki maishani mwake, lakini sijaona mtu aliyejua kuchagua samaki kama yeye. Alikuwa Mhindu, wa nyumba ambamo hamkupikwa nyama wala yai, na kila asubuhi kabla ya shule aliendesha baiskeli mpaka soko la samaki la Feri kunyoosha miguu. Huko alimkuta mama yangu, aliyekuwa akinunua samaki wa kwenda kukaanga na kuuza. Mwalimu aliegesha baiskeli, akajiziba pua kwa pindo la sari, na kwa mkono wa pili akafungua shavu la samaki mmoja baada ya mwingine.

"Mama, huyu jicho lake limelala. Huyu amekufa jana. Chukua yule pale, usimwache."

Wauzaji walimlalamikia. "Mwalimu huyu samaki hali, lakini anatuharibia soko!" Yeye alijibu kwamba kusoma ramani ya mahali si lazima uwe umezaliwa huko, akapanda baiskeli yake akaondoka, mama akacheka mpaka Kariakoo.

Jina lake nalijua. Nikiliandika hapa nitaona kama namzungumzia mtu mwingine. Kwetu alikuwa Mwalimu tu, kwa wanafunzi, kwa wapagazi wa sokoni, hata kwa kaka yake, aliyemwita hivyo alipokuwa amemkasirikia. Alinifundisha Jiografia miaka minne ya sekondari, na miaka hiyo yote alikuwa pia jirani yangu. Yeye, kaka yake na mke wa kaka yake waliishi juu ya duka lao la vitambaa, Mtaa wa Narung'ombe. Mimi na mama tulipanga chumba uani, nyuma ya duka hilohilo. Mama alitoka Songea akiwa na mimi mgongoni, akabandika karai lake pembeni ya mlango wa uani, na hakuna mwenye nyumba aliyemfukuza, ingawa moshi wa samaki ulipanda moja kwa moja mpaka kwenye madirisha ya watu wasiokula samaki. Niliwahi kumuuliza Mwalimu kama ule moshi haukuwaudhi. Akasema, "Unatuudhi kila siku. Kwani kuudhika kunaua?"

Ndivyo alivyokuwa akisema mambo, kwa ufupi, na hakuyapaka sukari. Wengi aliwaumiza. Kuna msichana darasani kwetu aliyechora Ziwa Tanganyika likiwa fupi na nene, Mwalimu akaliinua daftari juu akauliza, "Nani amekaa juu ya ziwa hili?" Darasa likaangua kicheko, na yule msichana hakunyoosha mkono tena mpaka tukamaliza shule. Nadhani Mwalimu hakujua. Au alijua akashindwa namna ya kurudi nyuma. Mama naye alinuna wiki nzima siku alipoambiwa mbele ya wateja kwamba mafuta yake yamechoka kuliko yeye mwenyewe. Wiki ilipokwisha alikuta dumu jipya la mafuta mlangoni. Hakuna aliyesema limetoka wapi.

Alikuwa na swali moja alilolipenda. Mtu akilalia dawati, au akisusa kazi, au akikaa kwenye ngazi ameshika tama, Mwalimu alisimama mbele yake akauliza, "Umechoka au umekasirika?" Hakuuliza kwa huruma. Aliuliza kama daktari anavyouliza maumivu yako upande gani. Ukisema umechoka, alikwambia ukalale. Ukisema umekasirika, alikupa kazi.

Kusema kweli, vituko vyake vingine havikuwa na maelezo. Hakuogopa lori wala basi. Alikatiza Mtaa wa Msimbazi katikati ya mikokoteni na makondakta huku akipiga kengele kama gari la zimamoto, na pindo la sari akalibana kwa vibanio vya kuanikia nguo lisiingie kwenye cheni. Lakini akiona mjusi ukutani alipiga kelele mpaka machinga wa barabarani waliitana. Alichukia umbea, na hakuna habari ya mtaa ule iliyompita. Alituchapa rula kwa kudanganya, na yeye mwenyewe nilimsikia akitoa uongo mkubwa kabisa, tena wa kupanga. Nitaufikia.

Watu wanaomkumbuka wanakumbuka zaidi ramani zake. Alichora kwa chaki bila kutazama kitabu. Barabara ya kutoka Dar kwenda Iringa aliianza upande wa kulia wa ubao, akapita Chalinze, akapita Morogoro, akapita Mikumi, akishuka na kupanda huku akitaja mazao, mvua na aina ya udongo. Akifika mlima wa Kitonga mkono ulipunguza mwendo. Chaki ilianza kujipinda huku na huku.

"Hapa barabara inajikunja kama mtu anayetafuta ufunguo aliouangusha," alisema. "Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine bonde. Na siku moja nitapapanda hapa kwa baiskeli, kuanzia chini mpaka juu, bila mguu wangu kugusa lami."

Tulicheka kila mwaka. Mwaka mmoja mwanafunzi wa nyuma akauliza, "Mwalimu, wewe umeshafika?"

Hakugeuka kututazama. "Morogoro nimefika mara moja," akasema. "Kwenye harusi." Kisha akafuta ubao, ingawa kipindi hakikuwa kimekwisha.

Nimelifikiria sana jibu lile. Alikuwa amefundisha nchi nzima kwa zaidi ya miaka ishirini, na karibu yote aliifundisha kwa kusoma. Alikuwa na msemo wake, "Ramani haitoi jasho," na sisi tulidhani ni utani wa darasani. Sasa naona alikuwa akijisuta.

Mimi nilimaliza shule, nikasomea upigaji chapa, nikapata kazi kwenye shirika moja la umma. Nilikaa pale miaka sita, nikaamini nitazeekea pale. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa ghafla. Kariakoo ikafurika makontena, viatu vya mitumba, redio, masufuria, baiskeli zilizotumika za nje zenye gia ambazo mafundi wetu walizizunguka wakizishangaa. Kila mtu alikuwa anauza kitu. Wakati huohuo mashirika yalikuwa yanauzwa. Asubuhi moja tulikusanywa uwanjani, tukasomewa majina. Langu lilikuwa la nne. Nilirudi nyumbani na mkoba wangu, kikombe changu cha chai na kalenda niliyoibandua ukutani, nikajilaza.

Nilijilaza karibu miezi miwili. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Mama alinituma mkaa nikamjibu vibaya, akaacha kunituma. Asubuhi moja mlango ulisukumwa bila hodi, Mwalimu akasimama katikati ya chumba na begi lake la shule.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema bila kuinuka.

"Marahaba. Umechoka au umekasirika?"

Nilitaka kusema nimechoka ili aende zake. Lakini alikuwa akinitazama. "Nimekasirika," nikasema, na machozi yakanitoka, kwa sababu ilikuwa kweli na sikuwa nimeijua.

"Vizuri. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, chini ya ngazi. Uvae suruali."

"Ya kufanyia nini?"

"Nimenunua baiskeli mbili. Mtu mmoja hawezi kupanda baiskeli mbili."

Sikuwahi kupanda baiskeli. Alinifundishia viwanja vya Mnazi Mmoja, yeye mwenye miaka hamsini na mitano akikimbia pembeni ameshika siti, mimi nikipiga mayowe. Watu walikusanyika. Mwanamke mzima kwenye baiskeli wakati ule lilikuwa jambo la kuangaliwa, na wanaume hawakukosa la kusema.

"Dada, utamwaga maini!"

"Tazameni mbele, msiwatazame hao," Mwalimu alisema, kwa wingi, kama vile nilikuwa darasa zima. Siku ya tatu nilianguka nikachunika goti. Hakuniinua. Aliiinua baiskeli, akaikagua spoku moja moja, ndipo akaniuliza, "Na wewe je?"

Baada ya mwezi tulikuwa tunaenda Kunduchi na kurudi. Baada ya miezi mitatu alinipeleka vilima vya Pugu, vilivyonitoa machozi, na nikadhani hakuna mlima mkubwa kuliko ule duniani. Siku nyingine nilichelewa dakika nne, nikakuta ameshaondoka. Nilimkimbiza mpaka Buguruni. Sikuchelewa tena.

Sikuwa nimeambiwa tunajiandaa kwa lipi. Nilianza kukisia siku aliponiamuru nijifunze kuziba pancha nikiwa nimefumba macho. Mwishowe akaniambia kwenye ngazi, kama anayesema tunaenda sokoni: ulikuwa mwaka wake wa mwisho kazini, likizo ya Julai ilikuwa karibu, na yeye anaenda Iringa kwa baiskeli, kupitia Kitonga. Nikitaka niende naye. Nisipotaka niirudishe baiskeli.

Sababu nyingine niliijua kutokana na kelele za juu. Kaka yake alikuwa anahama. Ndugu zao wengi walishakwenda Uingereza, na yeye alikuwa ameshapata karatasi zake, za mkewe na za dada yake. Alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye kupenda amani, na alimpenda dada yake kuliko kitu chochote. Kwake lilikuwa jambo lililokwisha, wanaenda wote. Mwalimu hakukataa wala kukubali. Alisema atajibu Agosti. Na alipoulizwa Julai anakwenda wapi, yeye aliyetuchapa rula kwa uongo, alimwambia anakwenda Morogoro kukaa na rafiki yake aliyestaafu, anayeumwa miguu, na atapanda basi.

Rafiki huyo hakuwepo. Mwalimu alimpa hata jina.

Tuliondoka Jumatatu alfajiri. Alivaa suruali yake pana ya Kihindi, raba, na kofia ya ukindu aliyoifunga kidevuni kwa kipande cha kanga cha mama. Kwenye keria tulifunga blanketi, sufuria dogo, pampu, tyubu za akiba na daftari lake. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akasema, "Mwalimu, mwanangu huyo ni mmoja," naye akajibu, "Nitamhesabu kila jioni."

Siku ya kwanza tulilala Chalinze, na sikuweza kukaa chini wala kusimama. Watu wa njiani walitoka majumbani kututazama. "Mhindi kwenye baiskeli! Wewe mama, unatoka wapi?" Yeye alijibu bila kusimama, "Kariakoo!" na jibu hilo lilizua kicheko kila kijiji. Morogoro tulipumzika siku nzima. Mbele ya hifadhi ya Mikumi askari wa wanyama walitukataza kupita kwa baiskeli. Mwalimu alibishana nao nusu saa. Askari mmoja kijana akamwambia kwa adabu, "Mama, mimi nakuheshimu. Simba sijui." Tukapandishwa kwenye lori la mbao mpaka ng'ambo. Jioni ile nilimwona akiandika kwenye daftari kwamba kipande kile hatukukiendesha, tulibebwa. Nilimwambia hakuna atakayejua. Akasema, "Daftari linajua."

Kaka yake alitukuta Mikumi mjini. Tulikuwa tunakunywa chai barazani kwa mama ntilie, nikaona gari lake jeupe limegeuka kahawia kwa vumbi. Alishuka taratibu. Nilidhani atapiga kelele, lakini alisimama mbele ya dada yake.

"Nimeona baiskeli yako haipo, nikakwenda Morogoro," alisema. "Nimeuliza mtaa mzima nyumba ya rafiki yako, nikaambiwa Mhindi wa baiskeli ameshapita."

"Kaa, unywe chai," Mwalimu akasema.

"Ungekufa njiani ningeambiwa na nani? Na watu watasema nini, Mwalimu? Kwa umri wako!"

"Watasema nina miaka sitini. Waambie hamsini na mitano."

Alikaa. Alikunywa chai. Walizungumza Kigujarati kwa muda mrefu, sauti chini, na mara moja nilimwona Mwalimu amemshika kaka yake mkono, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kisha yule bwana akafungua buti la gari, akatoa furushi la chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, chupa ya achari, na mafuta ya kuchua magoti. Alikuwa ameyabeba yote hayo kutoka Dar, pamoja na hasira yake. Akanigeukia mimi. "Wewe binti, akianguka uninyanyulie." Akawasha gari akarudi Dar.

Siku ya pili baada ya hapo tulilala Mbuyuni, kijiji cha wakulima wa vitunguu, na kesho yake asubuhi tukaanza Kitonga.

Nimepanda mlima ule mara nyingi tangu hapo, na bado sijui kuueleza vizuri. Chini kuna joto na mto. Barabara inaingia kwenye korongo, halafu inainuka, na ukishainuka nayo hakuna tena mahali pa kupumzisha kanyagio. Mwamba uko kiganjani. Ng'ambo ya kingo za barabara kuna miti iliyoshuka mpaka chini kabisa, na chini kabisa unaona kipande cha barabara uliyotoka, chembamba kama uzi, na juu yake lori dogo kama kiberiti. Malori yanayopanda yananguruma kwa gia ya kwanza, yanakwenda polepole hata dereva anaweza kukusalimia na kukuuliza habari za nyumbani. Yanayoshuka yananuka breki. Nyani wamekaa ukingoni wanakutazama kama wenye mlima.

Mwalimu alitangulia. Alikuwa ameweka gia ndogo kabisa, mgongo umenyooka, miguu inazunguka polepole bila kuharakisha na bila kusimama. Hakugeuka. Nilijua anachokifanya, darasa letu lote lingejua. Hakutaka mguu uguse lami.

Kona za mwanzo nilikuwa nyuma yake kidogo. Kisha akapotea kwenye kona moja, nami nilipofika hapo alikuwa ameshaingia nyingine. Jua lilikuwa limepanda. Nilikuwa nimekunywa maji vibaya, mengi kwa mara moja. Nilikanyaga mpaka macho yakaona vinyota. Nikashuka, nikaegemeza baiskeli kwenye mwamba, nikatapika, nikakaa chini. Nililia. Sikulia kwa ajili ya mlima tu. Nililia kwa ajili ya jina langu lililosomwa uwanjani la nne, na kikombe changu cha chai, na kwamba hata hili limenishinda.

Lori moja la magunia lilikuwa likishuka. Dereva, mzee mwenye kofia ya sufi, alipunguza akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia sina, ila natafuta lori linalopanda linibebe. Akasema yeye anashuka, lakini mwenzangu amempita juu, anakwenda vizuri sana, zimembakia kona mbili tu afike.

"Kutoka kona ya juu niliona mtu amekaa chini na analia, nikamwambia," akasema. "Kumbe ni wewe."

Nilitamani asingesema. Nilijua Mwalimu sasa atafika juu, atimize lake, kisha atanisubiri huko, na mimi nitashushwa kutoka kwenye lori la watu mbele yake kama gunia. Nikafuta uso, nikaanza kusimamisha magari.

Kisha nikasikia kengele. Ile ya Msimbazi, ya zimamoto. Alikuja akishuka kwenye kona ameshika breki zote mbili, kofia imemning'inia mgongoni, akasimama mbele yangu na miguu yote miwili chini.

Niliangalia viatu vyake juu ya lami.

"Umechoka au umekasirika?" akauliza. Alikuwa anahema.

"Mwalimu, kwa nini umerudi? Zilibaki kona mbili!"

"Nimekuuliza swali."

"Vyote viwili."

"Hilo jibu halikuwemo," akasema, akakaa chini kando yangu, barabarani, mwanamke yule aliyetuambia sketi zetu zisiguse vumbi. Alinipa maji, kidogo kidogo, akihesabu kila funda. Akafungua chapati za kaka yake akatia achari, akanilisha kipande kwa mkono wake. Lori lililokuwa likipanda likasimama, dereva akauliza kama tunataka kubebwa. Mwalimu alinitazama mimi. Aliniachia mimi. Nikamwambia dereva asante, tunakwenda kwa miguu.

Tukasukuma baiskeli mpaka juu, bega kwa bega, yeye upande wa magari. Aliniuliza majina ya mito ya bonde lile, nikakosea mmoja, akanisahihisha. Kwenye kona ya mwisho upepo wa baridi ulitupiga usoni, mwingine kabisa, upepo wa nyanda za juu, na nikageuka nikaona bonde lote lile tulilotoka limetandazwa chini, mto, barabara, na moshi wa jiko la mtu. Nilitaka kumwambia ni zuri, lakini alikuwa analia kimya, anacheka, anafuta miwani.

"Niliuchora vibaya," akasema. "Miaka yote hiyo. Niliuchora mdogo."

Nikamwambia nimeharibu. Nikamwambia alisema atapanda bila mguu kugusa chini, na sasa kwa sababu yangu hakupanda.

"Sikupanda?" Alinitazama kama aliyesikia jibu la mwanafunzi asiyesoma. "Piga hesabu. Wewe umepanda mlima mmoja. Mimi nimepanda mlima mmoja na kile kipande nilichokirudia. Nani amepanda zaidi?"

Akatoa daftari akaandika, na sikupewa kusoma.

Tulikaa Iringa siku tatu, tukarudi na basi, baiskeli juu ya keria. Agosti alimjibu kaka yake. Alisema nchi hii hajamaliza kuisoma. Kaka na mke wake waliondoka mwisho wa mwaka, na siku ya safari yule bwana alilia wazi mbele ya wapagazi. Duka lilikodishwa. Mwalimu alihamia Upanga kwenye fleti ndogo. Mimi nilitandika turubai Mtaa wa Narung'ombe, nikapanga cheni, tyubu, spoku na pedeli, kwa sababu baiskeli za makontena zilikuwa zinaharibika na mimi nilijua kila kipande chake kwa kufumba macho. Mafundi walinicheka wiki mbili. Wiki ya tatu walikuja kununua. Leo ni duka lenye mlango na kufuli, na watoto wangu wamesomeshwa na baiskeli.

Kumshukuru Mwalimu kulikuwa kazi ngumu. Nilijaribu mara nyingi. Nilimpelekea kitenge, akauliza kina kasoro gani mpaka nimeshindwa kukivaa mwenyewe. Nilimwambia kwa mdomo, akasema nizungumze habari nyingine. Miaka ikapita hivyo.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza ni Jumamosi moja mchana, pale Upanga. Alikuwa amestaafu muda mrefu, macho yalikuwa yanazimika, na baiskeli yake alishampa nesi mmoja wa jengo lile. Nilimkuta barazani amekaa, uso ameuelekeza kwenye sauti za bajaji. Alinitambua kwa hatua zangu.

Nilimmenyea matopetope. Nikamweleza kwamba Alhamisi ijayo ninaongoza wanawake tisa wa Kariakoo kwenda Iringa, wauza vitenge, mama ntilie wawili, mke wa fundi, mshona nguo, na kwamba kutakuwa na gari la mizigo. Nikamwomba apande gari hilo aje.

"Nikae kwenye gari nisikie mnavyohema?" akasema. "Sitaki. Nani atatangulia?"

"Mimi, Mwalimu. Njia naijua mimi."

"Na nani wa mwisho?"

Nikamtaja mama ntilie mmoja, mzito kidogo, anayekwenda polepole.

"Hapana. Huyo mtie katikati. Wa mwisho uwe wewe."

"Na njia?"

"Kitonga hakuna njia panda. Watapotelea wapi?" Vidole vyake vilikuwa vinatafuta mbegu kwenye sahani na kuzipanga. "Siku ile na mimi njia niliijua. Nikatangulia. Nilikuwa nahesabu kona zangu, na wewe ulikaa chini nyuma yangu sikujua. Mama yako nilimwambia nitakuhesabu. Yule dereva asingekuwa mtu wa maneno, ningefika juu nikafurahi peke yangu."

"Lakini ulirudi."

"Nilirudi kwa sababu niliambiwa." Aligeuza uso kunitazama, ingawa sidhani aliniona. "Unisamehe."

Nilikuwa na miaka zaidi ya arobaini, nina duka na watoto, na nikajikuta mwanafunzi wake tena.

"Mwalimu, mimi nilikuja kukushukuru."

"Basi shukuru. Lakini kwanza nijibu."

"Nimekusamehe," nikasema. Neno hilo nililiona kubwa kwangu. "Na asante. Kwa kurudi. Kwa kuniinua kitandani. Kwa kuniacha nimjibu yule dereva mwenyewe."

Nilingoja aseme nizungumze habari nyingine. Badala yake alinyoosha mkono hewani mpaka ukapata wangu, akaushika, ukanata utamu wa matopetope.

"Nimesikia," akasema. "Sasa nitajie hao tisa, mmoja mmoja, na kila mmoja anapenda kukata tamaa wapi."

Nilimtajia wote, ilichukua mpaka alasiri. Alhamisi tulipofika Ubungo, niliwaacha wanipite, nikahesabu migongo tisa, ndipo nikapanda baiskeli.